Vimkeka vya Vikombe kwa Krismasi: Kushona Matabaka kwa Vipande vya Fundi

Seti ya kwanza niliyoshona ilipendeza kuliko zote zilizofuata, na ndiyo iliyomwaga chai. Nilikuwa nimeijaza sponji, mabaki ya godoro, unene wa kidole. Vimkeka vikavimba kama mandazi na kila mtu akavisifu. Siku ya Krismasi akaja senga, yaani shangazi yangu, amevaa gomesi (lile gauni refu la heshima la akina mama wa Uganda) ya hariri aliyoitoa kwenye sanduku kwa ajili ya siku hiyo. Nikamwekea kikombe. Kikaanza kuegemea upande mmoja polepole, kama mlevi anayetafuta ukuta, kisha chai ya maziwa yote ikamwishia mapajani.

Tangu siku hiyo nikishona kimkeka cha kikombe naanza na tumbo lake. Kitenge cha juu ni sura tu. Kazi yenyewe hufanywa na kile kilichofichwa katikati: kinywe maji yanayotiririka kwenye chupa ya soda baridi, kizuie joto la chai lisiache lile doa jeupe kwenye vanishi ya meza, na kikae bapa hata kikombe kilichojaa kisitikisike. Vile vitambaa vya kufuma tunavyotandika kwenye makochi na meza huku kwetu Uganda ni vizuri, ila vina matundu. Maji hupita moja kwa moja, nao unyevu ukinaswa chini ya kikombe cha moto ndiyo huzaa doa.

Mwongozo huu ni wa vimkeka sita vya mraba, kila kimoja sentimita 11 kwa 11 kikiisha. Kikombe kikubwa cha bati kinatosha hapo, na chupa ya soda inabakiwa na nafasi. Ikiwa wageni wako watakunywa malwa, pombe ya ulezi, kwenye chungu kwa mirija, basi pumzika, chungu kinakaa chini na hakidai kitambaa.

Vitu vya kutafuta, na mahali pa kuvitafuta

Usinunue kitenge kipya. Nenda kwa fundi anayeshonea barazani mwezi wa Novemba, wakati watu wanashonesha nguo za sikukuu, utazame chini ya cherehani yake. Vipande vya upana wa vidole vitatu, ambavyo yeye huvifagia jioni, ndivyo unavyovitaka. Huku Walukuba, Jinja, fundi wangu hunijazia mfuko mzima, na namlipa kwa vimkeka viwili. Kampala, mafundi na maduka ya vitambaa ya Kiyembe yana mabaki ya kila rangi, na taulo za mtumba utazichambua kwenye soko la Owino.

Kabla kipande hakijaingia kwenye mfuko wako, kijaribu kwa moto. Vuta nyuzi mbili tatu, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyagusa yanapotea. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi. Vitenge vingi vinavyong'aa sana ni poliesta, na poliesta hainywi maji: soda itatiririka juu yake hadi mezani. Ukiipenda mno rangi yake, itumie kwa ukanda mmoja mwembamba, si zaidi.

Tumbo. Hapa nimejaribu karibu kila kitu kilichomo nyumbani. Sponji, habari zake umeshazisikia. Ile pamba nyeupe ya kujazia mito ni poliesta, nayo inateleza ndani na kujikusanya pembeni baada ya kufuliwa mara tatu. Blanketi zito linafaa ila linavunja sindano kwenye pembe. Kilichoshinda ni taulo la pamba lililochakaa, lile ambalo ukiliinua kwenye mwanga unaona madirisha. Taulo jipya nene halifai, kimkeka kitakuwa kama mto. Usipopata taulo, weka tabaka mbili za flana, zile nguo za kumfungia mtoto mchanga.

Mgongo uwe wa pamba nyepesi: marekani, shuka kuukuu, au mgongo wa shati la kiume, ambao mara nyingi bado ni mzima hata kola ikiwa imeoza. Jinzi iache. Pembe nne za jinzi pamoja na taulo zitakutoa jasho.

Vingine: uzi wa kawaida wa cherehani, sindano mpya namba 14 au 16, mkasi unaokata kweli, pini, rula, pasi, na katoni ngumu. Chaki ya fundi ikikosekana, kile kipande chembamba cha sabuni kinachobaki bafuni kinachora vizuri kuliko chaki, na kinatoka kikifuliwa.

Fua kwanza

Watu wengi huruka hatua hii, na nawaelewa, maana mvua za Novemba hazikaushi kitu. Usiiruke. Pamba mpya hupungua ikifuliwa, na taulo na kitenge havipungui sawa. Ukishona bila kufua, kimkeka chako kitarudi kutoka kwenye beseni kikiwa kimejikunja kama ngozi ya mbuzi juani.

Vipande vyekundu vifue peke yake. Kuna wanaotia chumvi ili rangi isichuje, ila mimi sijaiona ikisaidia. Ninachofanya ni kusuuza mpaka maji yawe safi, kisha naweka kile kipande kikiwa kibichi juu ya kitambaa cheupe na kukipiga pasi. Cheupe kikitoka na waridi, chekundu hicho hakikai karibu na cheupe kwenye kazi yangu, hata kama Krismasi inadai rangi hizo mbili.

Kukata

Kata miraba miwili ya katoni: mmoja sentimita 14, mwingine 13. Hakikisha pembe zake zimenyooka kwa kuzilinganisha na pembe ya kitabu. Kosa la katoni litajirudia mara sita.

Mraba wa 14 ni wa taulo: kata sita. Mraba wa 13 ni wa mgongo: kata sita. Taulo limeongezwa sentimita moja kwa sababu linashonwa mara nyingi na kila mstari unalivuta kidogo. Tutalipunguza baadaye. Ukiwa umenunua yadi moja ya kitambaa cha mgongo, yaani sentimita 91 kwa upana wa 115 hivi, baada ya kufua ukabaki na 88 kwa 112, unapata miraba sita kwa minane. Migongo 48, seti nane nzima. Kwa hiyo yadi moja inatosha familia na majirani, na robo yadi inatosha kujifunzia.

Kanda za kitenge zote ziwe na urefu wa sentimita 15. Kwa kila kimkeka unahitaji ukanda mmoja wa katikati wenye upana wa sentimita 5, na kanda nne za upana wa sentimita 4. Kwa sita, hiyo ni kanda 6 pana na 24 nyembamba. Zikate zikifuata uzi wa kitambaa. Ukanda uliokatwa mshazari unavutika kama mpira, na mistari yako itapinda hata ukishona kwa sala.

Zipange mezani kabla ya kushona. Nyekundu, kijani na nyeupe ni za Krismasi kila mahali, lakini kitenge chenye njano ya embe katikati ya kijani kibichi kinanipendeza zaidi, na kinaendelea kutumika Februari. Kwa Idd kazi ni ileile, badilisha rangi tu. Mtu mmoja aliniomba nimwekee ukanda wa lubugo katikati. Nilikataa. Lubugo, kile kitambaa cha magome ya mutuba ambacho utengenezaji wake UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu, hakipendi kufuliwa, na Waganda hukitumia kwenye mazishi na kutawazwa kwa Kabaka. Sitaki kuwa mtu aliyemwekea mzee wa Kiganda kikombe cha chai juu yake.

Kushona kanda juu ya taulo

Sasa ndiyo kazi yenyewe, na uzuri wake ni kwamba unaunganisha kanda na kushona matabaka kwa mstari mmoja. Huhitaji kurudi tena kupiga mistari juu, ila ile michache ya kufunga mgongo mwishoni.

Rekebisha cherehani: hatua ya mshono iwe milimita 3, si ile ndogo ya gauni. Jaribu kwenye kipande cha taulo na kitenge. Vitanzi vikionekana chini, uzi wa juu umelegea.

Weka mraba wa taulo mezani. Katikati yake tandika ukanda mpana, uso ukitazama juu. Upime kwa rula: umbali kutoka kila upande wa ukanda hadi ukingo wa taulo uwe sentimita 4 na nusu. Bana kwa pini mbili.

Chukua ukanda mwembamba wa kwanza. Ulaze juu ya ule mpana, uso kwa uso, kingo zao za kulia zikilingana kabisa. Kwa sasa unaona mgongo wa ukanda mwembamba, na inaonekana kama umekosea. Hujakosea. Shona kutoka juu hadi chini, mguu wa cherehani ukitembea na ukingo kama reli, jambo litakalokupa nafasi ya milimita 7 hivi. Mstari huu unapita kwenye kanda zote mbili na taulo.

Toa kwenye cherehani. Sasa fungua ukanda mwembamba kuelekea kulia, kama unavyofungua ukurasa wa kitabu. Uso wake unatokea, na mshono umejificha chini. Hapa simama. Pitisha ukucha wa kidole gumba kwenye bonde la mshono kutoka juu hadi chini, ukisukuma kitambaa kije kulia, kisha piga pasi. Usipofanya hivyo, mkunjo mdogo unabaki umelala juu ya mshono, hauonekani, na ukanda unaofuata unaufunga humo milele. Huo mkunjo ndio unaofanya kikombe kitikisike.

Pasi iwe ya kukandamiza na kuinua, si ya kusugua. Umeme ukikatika, na mwezi wa Desemba usishangae, pasi ya mkaa inafanya kazi nzuri zaidi kwa sababu ya uzito wake. Weka tu kitambaa kibichi juu ya kazi ili majivu yasidondokee.

Rudia upande wa kushoto kwa ukanda wa pili. Kisha wa tatu juu ya wa kwanza, na wa nne juu ya wa pili, kila mara uso kwa uso, kingo za nje zikilingana, shona, fungua, ukucha, pasi. Ukimaliza, taulo lote limefunikwa.

Ukishaelewa cha kwanza, vile vitano vishone kwa msururu: pitisha mshono wa kwanza wa kimkeka cha pili, na bila kukata uzi sukuma cha tatu nyuma yake, halafu cha nne, mpaka vitoke nyuma ya cherehani kama bendera za harusi. Kata nyuzi kwa pamoja, piga pasi kwa pamoja. Kimkeka cha kwanza kilinila saa nzima. Kwa msururu naona tofauti kubwa sana, hasa na cherehani ya kukanyaga ambayo kuianzisha kila mara kunachosha kuliko kushona.

Taulo linamwaga vumbi la pamba. Kila baada ya vimkeka vitatu fungua sahani ya sindano, piga brashi kwenye meno, na utaona sufi iliyojaa humo. Fundi akikwambia cherehani yako imeharibika, mwombe kwanza asafishe hapo.

Kupunguza na kuweka mgongo

Weka katoni ya sentimita 13 juu ya kazi, ukanda mpana ukiwa katikati kabisa, chora kwa sabuni, kata kilichozidi. Usitegemee jicho. Ukanda mpana ukiegemea upande nusu sentimita, mtu wa mlangoni ataona.

Laza mgongo juu ya kazi, uso kwa uso. Bana pembe nne. Shona kuzunguka kwa nafasi ya sentimita moja, ukianzia katikati ya upande mmoja, si kwenye pembe. Rudisha mshono mara mbili mwanzoni. Kwenye kila pembe simamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa, inua mguu, geuza, shusha, endelea. Acha mlango wa sentimita 5 bila kushona, na hapo pia rudisha mshono, kwa sababu mlango huo utavutwa sana.

Kabla ya kugeuza, kata ncha za pembe mshazari, ukiacha milimita 3 kutoka kwenye mshono. Halafu chukua mkasi mdogo, inua kitenge, na upunguze taulo peke yake hadi karibu na mshono pande zote, isipokuwa kwenye mlango. Hii ndiyo siri ya ukingo mwembamba. Ukiacha taulo humo, ukingo unakuwa mnene kuliko katikati, na kikombe kinakaa kama bakuli ndani ya bakuli.

Geuza polepole kupitia mlango. Pembe zisukume kwa kijiti butu, mfano upande wa nyuma wa penseli. Niliwahi kutumia ncha ya mkasi. Pembe tatu zilitoka kali na nzuri, na ya nne mkasi wenyewe ulitoka nje.

Piga pasi, kunja kingo za mlango ndani ziwe sawa na zingine, bana. Sasa zungusha mshono juu, milimita 3 kutoka ukingoni, pande zote nne. Mstari huo unafunga mlango na kubapiza ukingo kwa mara moja. Mwisho, pitisha mistari miwili juu ya mishono ya ukanda mpana, ndani kabisa ya bonde ambapo uzi hauonekani. Hiyo inaushika mgongo kwenye taulo usije ukavimba ukifuliwa.

Jaza glasi maji hadi mdomoni, iweke juu, gonga meza kwa ngumi. Maji yakimwagika, tafuta mkunjo.

Mambo yanayoharibika

Kimkeka kikijikunja kama kijiko, mgongo wako ni mdogo kuliko sura, au uliuvuta ulipokuwa unashona. Fumua upande mmoja tu, ule wenye mlango, ulegeze. Cherehani ikiruka mishono kwenye taulo, badilisha sindano kabla ya kugusa kitu kingine. Sindano iliyoshona jinzi wiki iliyopita haina ncha tena. Kanda zikitoka na mawimbi, unasukuma kitambaa kwa mikono: acha meno yakivute yenyewe, wewe ongoza tu.

Usiye na cherehani, kazi hii inashoneka kwa mkono. Piga bandi ili tabaka zisisogee, kisha shona kwa mshono wa kurudi nyuma, hatua fupi, na uzi mara mbili. Kimoja kwa jioni, ukisikiliza redio.

Fua kwa maji baridi na sabuni ya mche, vinyooshe kwa mkono vikiwa vibichi, anika kivulini. Na mwambie kila unayempa kwamba ni vya vikombe: sufuria iliyotoka kwenye sigiri itapitisha joto, na kama kuna ukanda wa poliesta utayeyuka na kushika chini yake.

Vya zawadi navipanga sita, sura mbili za nje zikitazama nje, nafunga kwa kamba ya mgomba iliyolowekwa kidogo isikatike. Senga nilimpelekea seti mpya, ya taulo, kama fidia ya gomesi. Pasaka nilipokwenda kumtembelea nikaiona kwenye kabati la vioo, kando ya picha ya harusi, kamba ya mgomba ikiwa bado haijafunguliwa, na kikombe chake kiko juu ya meza tupu. Kwa hiyo siku hizi natoa saba: sita vimefungwa, na kimoja nimeshakiwekea chai.